Jembe Si Fimbo

Yako mambo tuliyoyazoea mno hata hatuyaoni tena kuwa ni mabaya. Moja ndilo hili. Mtoto akichelewa kufika shuleni, hupewa jembe. Akipiga kelele darasani, hupewa jembe. Akishindwa swali la hesabu, huonyeshwa kipande cha ardhi nyuma ya vyoo, akaambiwa akilime mpaka kengele ya adhuhuri. Na mwenziwe aliyejibu vema hubaki kivulini na daftari lake. Hakuna mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akafundisha kwamba udongo ni laana. Lakini somo hilo limefundishwa miaka mingi, nalo limeshikwa barabara kuliko hesabu.

Matunda yake twayaona. Mtoto yule akikua, akapata kazi ya mshahara, akajenga nyumba yake mjini, hufanya haraka kuufunika ua kwa vitofali vya saruji, usionekane udongo hata kidogo. Asiye na fedha za vitofali huufagia ua kila asubuhi mpaka ung'ae kama sakafu. Jioni mama wa nyumba humtuma mtoto gengeni na sarafu chache akanunue fungu la mchicha uliokatwa jana, nao haujulikani ulinyweshwa maji gani. Ukimwuliza baba mwenye nyumba kwa nini hapandi walau tuta moja, atakujibu kwa tabasamu kwamba yeye hakusoma ili arudi kwenye jembe. Jibu hilo hutolewa na watu wema wanaosali kila Jumapili. Nasi twataka kulichunguza leo, maana masika yako karibu na Kwaresima imefika mlangoni.

Na tuanze na Kitabu cha Mwanzo, kwa kuwa ndicho kinachotajwa vibaya kuliko vyote katika habari hii. Wakristo wengi wakisikia habari za jasho na ardhi hukumbuka sura ya tatu, pale Adamu alipopewa hukumu yake, wakasadiki ya kuwa kulima kulianza na dhambi. Lakini sura ya pili huitangulia ya tatu. Kabla nyoka hajasema neno, kabla tunda halijaguswa, Mungu alikuwa amekwisha kupanda bustani upande wa mashariki, akamweka mtu ndani yake ailime na kuitunza. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda kwanza. Yaliyoingia baada ya dhambi ni miiba na magugu, uchovu na mavuno haba. Kazi yenyewe ilikuwako tangu siku za urafiki. Basi mwalimu anayemtia mtoto jembe mkononi kuwa adhabu, ijapokuwa hana nia hiyo, amfundisha kuyasoma Maandiko kwa kuanzia sura ya tatu.

Bwana Wetu naye alizijua kazi za bustani. Katika mfano wa mtini usiozaa, mwenye shamba ataka ukatwe, na mtunzaji aomba mwaka mmoja zaidi apate kuupalilia na kuutia samadi. Samadi imo katika Injili ya Luka, wala Bwana hakuona haya kuitaja mbele ya watu. Na asubuhi ya Ufufuko, Maria Magdalena alipomwona karibu na kaburi alidhani ni mtunza bustani. Mtakatifu Gregori Mkuu, Baba Mtakatifu wa zamani, alipoihubiri Injili hiyo alieleza kwamba katika kukosea kwake mwanamke huyo hakukosea kabisa, kwa kuwa ni Kristo aliyepanda mbegu za fadhila moyoni mwake. Hatujapata kusikia kwamba Mkristo yeyote aliyachukia maneno hayo kwa kuona kuwa Mwokozi ametukanwa.

Watawa nao hawakulikimbia jembe. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliweka saa za kazi za mikono katika kanuni yake karibu na saa za sala na za kusoma. Huko Brno, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, Padre Gregor Mendel wa shirika la Mtakatifu Augustino alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake kuanzia mwaka 1856 hata 1863, akahesabu mimea ipatayo 28,000, akagundua jinsi sura za wazazi zinavyorithiwa na watoto. Elimu yote ya urithi wa viumbe iliyo katika vitabu vya shule zetu ilianzia katika bustani ile. Mwanafunzi wa kidato cha nne hukariri jina la Mendel kwa ajili ya mtihani. Kisha hutoka nje akaadhibiwa kwa kupalilia.

Twajua watakaosema kwamba kilimo shuleni ni jambo la sera, nalo lina historia yake katika nchi hii. Ni kweli. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba lake. Lakini wanaoyataja maandishi hayo wayasome mpaka mwisho. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, waelewe sababu ya kila jambo, wayaone mapato na kuamua pamoja jinsi yatakavyotumika. Hakutaka watoto walimie wengine. Naye, baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, alirudi kwao Butiama akashika jembe, wala hapakuwa na mtu aliyemwadhibu. Basi mahali ambapo watoto hulima mchana, na jioni mboga zikaenda kwenye jikoni za wakubwa, jina la Mwalimu lisitumiwe kuifunika dhuluma hiyo.

Pengine msomaji ataona ya kuwa twakuza jambo dogo. Na tuzitazame hesabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Maana yake, kimo chao ni kifupi kuliko umri wao, na upungufu huo huugusa mwili na ubongo pia. Kati ya wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 42 walikuwa na upungufu wa damu. Tena sikilizeni hili. Mikoa iliyoongoza kwa watoto waliodumaa haikuwa ya jangwa na ukame. Ilikuwa Iringa, ambako waliodumaa walizidi nusu ya watoto wote, na baada yake Njombe na Rukwa, ambako walikuwa kama nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza maghala ya mahindi ya taifa zima! Magunia hutoka kwa malori kwenda kuwalisha wengine, na mtoto wa mkulima hubaki na ugali mweupe na mchuzi wa chumvi.

Hatusemi kwamba tuta la mchicha peke yake litaondoa udumavu. Wataalamu hutaja mambo mengi: mama aliyechoka kwa kazi nyingi, mtoto aliyeachishwa ziwa mapema, maji machafu, maradhi ya kuhara, ukosefu wa maharage, dagaa, maziwa na mayai. Lakini majani ya kijani yaliyokolea yana vitamini A, yana madini ya chuma, tena yana folati ambayo mama mjamzito aihitaji sana ili mtoto aumbike vema tumboni. Na miongoni mwa mahitaji yote tuliyoyataja, mboga ndizo zinazoweza kupatikana karibu bure, hatua kumi kutoka jikoni, kwa mtu aliye tayari kuinama. Wahenga walikwisha kutuambia ya kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachagga wana kihamba, nacho ni bustani ya nyumbani iliyokamilika kama ipo duniani. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli na mbao. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na chini kabisa magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini karibu na nyumba, majani ya migomba huwa malisho yao, samadi yao hurudi kwenye migomba, na maji huletwa kwa mifongo iliyochimbwa na mababu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitia kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa ulimwengu. Waliokianzisha hawakuwa na shahada. Walikuwa na macho ya kuona, na subira, na nyumba iliyokaa katikati ya shamba, hata mtu akitoka nje kunawa uso alikuwa amekwisha kulikagua shamba lake.

Mpakani mwa kihamba huota masale. Msomaji aliyezaliwa huko ajua ya kuwa sale si ua la kupamba tu. Mtu aliyemkosea jirani yake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na ni vigumu sana kwa mwungwana kulikataa. Mmea uleule, au ndugu yake wa karibu, wauzwa leo katika maduka ya Ulaya na Marekani ndani ya vyungu, ukawekwa sebuleni na katika ofisi za benki, kwa kuwa huvumilia kivuli. Watu wa huko wanaupenda kwa majani yake marefu, wala hawana habari kwamba mahali fulani barani Afrika jani hilo limezuia damu isimwagike. Twaona ya kuwa mapadre wa mlimani wangeweza kuhubiri Kwaresima nzima kwa jani moja tu.

Na mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa na madaraka ya serikali huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau likiota katika milima ya Usambara, akampelekea baba yake mbegu huko Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliueleza mmea huo kwa wataalamu na kuupa jina la Saintpaulia. Tangu hapo umeenea ulimwenguni kote. Bibi kizee wa London au Chicago anao dirishani mwake, anaupa maji kwa kipimo, anampa jirani yake jani moja alipande, na jani hilo moja huotesha mizizi na kutoa mmea mzima. Sisi tulio jirani na milima yake hatuujui hata kwa sura. Wakati huohuo misitu unamoota, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, imezidi kukatwa, na aina zake kadha wa kadha zi hatarini kutoweka kabisa kule zilikoumbwa. Twauliza: itakuwaje ikiwa siku moja itatulazimu kununua chunguni, kwa fedha za kigeni, ua ambalo Mungu alilipanda Usambara?

Lakini turudi nyumbani, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu hawana kihamba. Wana chumba kimoja cha kupanga na kibaraza cha hatua tatu. Nao wasidhani hili haliwahusu. Gunia moja la kawaida latosha. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi iliyooza vema. Twasema iliyooza, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi, tena huleta wadudu. Chukua kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, ujaze udongo kandokando yake, kisha ulivute juu na kuendelea hivyo hata gunia lijae. Katikati patabaki nguzo ya kokoto. Ndiyo njia ya maji: ukimwaga juu yake, maji hushuka mpaka chini na kuenea pande zote. Toboa matundu ubavuni, pandikiza miche ya sukuma wiki, na juu panda vitunguu vya majani. Gunia halitaki zaidi ya nafasi ya kiti kimoja.

Matembele ni rahisi kuliko hayo. Omba vipandikizi kwa jirani, uvichomeke katika debe bovu lenye matundu chini. Baada ya majuma machache utachuma, nayo yataendelea kuchipua. Mnafu na mgagani, ambavyo wasomi wetu huviita chakula cha kijijini, vina faida nyingi mwilini kuliko kabichi wanayoinunua kwa fahari. Huko Arusha kiko kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinachohifadhi mbegu za mboga hizo za asili za Afrika kwa uangalifu mkubwa. Basi wageni huja kutoka mbali kuchunguza mgagani, na sisi twauona kuwa ni gugu.

Maji ni tatizo, nasi hatulipuuzi. Kuna mitaa ambayo ndoo moja hununuliwa kwa fedha nyingi. Hapo tumieni maji yaliyooshea mchele na mboga, na ya kusuuzia vyombo, mradi hayana dawa kali ya kufulia. Mwagilieni alfajiri au jioni, jua likiwa limepoa, na funikeni udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Msimwagilie kwa maji ya mifereji ya mjini yanayopokea taka za viwanda na za vyoo, hata kama mboga hustawi vizuri sana kwa maji hayo. Huo si ustawi wa kuwapa watoto. Na mwenye kunyunyiza dawa ya wadudu asome siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa. Tumesikia ya wauzaji wanaonyunyiza jioni na kuchuma alfajiri. Huyo ajue ya kuwa amri ya tano inamhusu, hata kama mnunuzi hatakufa leo wala kesho.

Jikoni pia kuna la kusema. Mboga zipikwe kwa muda mfupi, zisichemshwe hata zikageuka rangi, wala zisitiwe magadi mengi, maana vitamini huharibika. Tone la mafuta lausaidia mwili kuipokea vitamini A, na ndimu iliyokamuliwa juu yake yausaidia kuyapokea madini ya chuma. Chai ya rangi ingojee kidogo baada ya chakula, kwa sababu huyazuia madini hayo. Kisamvu peke yake hakifuati sheria hii ya haraka: kitwangwe vema na kuchemshwa muda mrefu, kwa kuwa kikiwa kibichi kina sumu.

Yafaa tuseme pia juu ya mimea ya ndani ya nyumba, ijapokuwa wapo watakaouona kuwa ni anasa. Sisi hatuuoni hivyo. Mama wa pwani anayepanda asumini au mrehani karibu na mlango hafanyi anasa. Anaifanya nyumba iwe mahali pa kurudi. Na wako wagonjwa na wazee ambao hawatoki tena, ambao siku nzima wanatazama ukuta. Mletee mzee wa namna hiyo chungu kidogo chenye mmea, umwambie autunze. Akiuona umechipua jani, ana habari ya kukusimulia ukirudi. Anayempelekea mgonjwa Komunyo Takatifu anaweza siku nyingine kumchukulia na kipandikizi ndani ya kopo. Lakini aangalie: ipo mimea ya mapambo yenye majani mapana ya madoadoa ambayo utomvu wake huchoma mdomo na koo, nayo isiwekwe pale mtoto atambaapo.

Mingi ya mimea hiyo hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi. Chomeka kidole udongoni. Ukiona unyevu, acha mpaka kesho. Chungu kiwe na tundu chini. Na sahani iliyo chini ya chungu imwagwe maji mara mbili kila juma bila kukosa, kwa maana yule mbu mwenye madoa meupe aletaye homa ya dengi huzaliana katika maji kidogo kama hayo, na siku kama saba au kumi zatosha yai kuwa mbu. Mji wa Dar es Salaam ulipigwa na ugonjwa huo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Haifai kupamba dirisha na kumwua jirani.

Sasa tunafika mahali pagumu, nasi tutasema waziwazi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme twasoma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Wengi wakumbuka kwamba mfalme Ahabu alilitaka, na kwamba Nabothi aliuawa kwa mashahidi wa uongo. Wachache wakumbuka alilitaka kwa ajili gani. Alilitaka liwe bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake! Damu ya mtu mwenye haki ilimwagwa kwa ajili ya matuta ya mboga.

Twaitaja habari hiyo kwa sababu ya mambo tunayoyasikia katika vigango vyetu. Mama ameanza na tuta moja nyuma ya jiko, kwa majivu na maji ya vyombo. Mumewe amemcheka. Mwaka wa kwanza watoto wamekula. Mwaka wa pili mama ameuza mafungu, akanunua madaftari na sare. Mwaka wa tatu mwenye hoteli amekuja kuagiza kila siku. Hapo ndipo baba atokeapo na kitabu cha hesabu mkononi, akasema ya kwamba ardhi ni yake, na fedha zipite kwake. Baada ya mwezi matuta yamepandwa nyanya za biashara tupu, fedha haijulikani zimekwenda wapi, na watoto wamerudi kwenye mchuzi wa chumvi. Ninyi akina baba mnaofanya hivi mwatubu dhambi gani katika kitubio? Mwasema mmekosa sala za asubuhi. Nabii Elia hakutumwa kwa Ahabu kuuliza habari za sala za asubuhi.

Wenye nyumba za kupangisha nao wasijione wako mbali. Mpangaji aliyelainisha kona ya ua iliyokuwa jalala, akapanda bamia na mboga za maboga, asifukuzwe mara kona hiyo ipendezapo. Na kuku wa jirani wafungwe, kwani hatujui ni kesi ngapi za jumuiya zimeanzia kwenye makucha ya kuku mmoja; lakini twajua si chache.

Kanisani kwenyewe tuanze nidhamu mpya. Kuna parokia ambazo altare hupambwa kwa maua ya plastiki yaliyopauka kwa vumbi, mwaka mzima bila kubadilishwa, na nje ya ukuta uwanja ni mtupu. Kanuni za Misale ya Kiroma zataka maua yawe kwa kiasi, yawekwe kandokando ya altare kuliko juu yake. Na wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Ua la plastiki haliwezi kufunga, kwa kuwa halijapata kuchanua. Altare iliyokaa bila maua majuma sita, kisha usiku wa Pasaka ikaletewa maua yaliyopandwa na watoto wa Utoto Mtakatifu, haihitaji mahubiri marefu.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliwaagiza ndugu zake waache sehemu ya bustani ya konventi bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote humo kwa hiari yao. Baba Mtakatifu Fransisko aliikumbusha habari hiyo katika barua yake ya Laudato Si' mwaka 2015. Kwa hiyo msidhani twaagiza kila kipande cha ardhi kigeuzwe mchicha. Mahali pa parokia penye miti mikongwe paachwe na miti yake.

Na kwenu ninyi walimu, ambao tunawaheshimu na ambao mishahara yenu twajua haitoshi, tuna ombi. Mtoto aliyechelewa, mwulizeni kwanza amelala wapi na amekula nini; akistahili adhabu, tafuteni nyingine. Jembe mpeni yule aliyefanya vizuri. Mwekeni mkuu wa bustani, awe na daftari la mavuno, naye asome mbele ya wenziwe ni mafungu mangapi yameingia katika chungu cha wanafunzi. Sisi tuliopitia seminari twajua kwamba saa ya kazi za mikono ilikuwa ya wote, mwerevu na mzito, na gombera mwenyewe akiwamo. Na kwa sababu hiyo hapakuwa na aliyeiona kuwa aibu.

Jumatano ya Majivu i karibu. Majivu yatakayobaki jikoni siku hiyo yapelekwe kwenye tuta. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, basi zichanganyeni na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, zifunikeni kwa udongo mwembamba, mwagilieni polepole. Zitaota kabla ya juma kwisha. Punguzeni miche iliyosongamana, na hiyo ya kupunguza ndiyo itakayokuwa chakula cha kwanza. Kabla ya Jumapili ya Matawi mtakuwa mmekwisha kukata fungu lililokomaa. Fungu hilo la kwanza lipelekeni kwa jirani asiye na ua, au mwenye mgonjwa. Na mashina matatu au manne yaacheni yasimame hata yatoe mbegu.